Kola Yenye Malengelenge

Kila asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu vizuri, Mama Pasi alijaza maji mdomoni. Hakuyameza wala hakusukutua. Aliyashikilia mashavuni, akainamia meza yake, akabana midomo, akapuliza. Maji yalitoka kama ukungu yakatua juu ya shati la kwanza la siku, kila uzi ukapata haki yake. Kisha pasi ikapita, na chumba kizima kikanukia wanga na pamba iliyopata moto.

Wateja wapya walioyaona hayo walishtuka.

"Yaani mate yako ndiyo nitavaa ofisini?" bwana mmoja aliwahi kumuuliza.

"Mate yanabaki kwangu, baba. Wewe unavaa maji. Ukitaka na mate, sema mapema, bei yake ni nyingine."

Bwana yule alicheka, akawa mteja wa kudumu. Hakuna chupa ya kupulizia iliyoweza kufanya kazi ya mdomo ule. Chupa hudondosha, na tone moja likianguka vibaya juu ya hariri huacha alama ya duara, na alama ya duara kwa dobi ni kama bao la kujifunga.

Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango ukiangalia barabara. Meza ilikuwa ndefu, imevikwa blanketi kuukuu na juu yake shuka jeupe. Pasi mbili zilikuwa za umeme, na moja ya mkaa ilikaa chini ikisubiri siku umeme utakapokatika. Ukutani lilipita bomba la chuma la kutundikia nguo zilizokamilika. Nyuma, uani, yalikuwepo mabeseni na kamba za kuanikia, na huko ndiko ilikokuwa sheria yake kuu: nguo chafu hazishikwi na mkono mwingine. Alizichambua mwenyewe, moja baada ya nyingine, akiipindua kola, akiingiza vidole mifukoni, akiunusa mwisho wa mkono wa shati. Nguo ilimwambia kila kitu. Alijua nani amebadilisha mafuta ya nywele, nani anakula amesimama, nani ameacha kalamu iliyovunjika mfukoni kisha atakuja kumlaumu dobi.

Sheria hiyo ilikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilikuwa wifi yake.

Wifi huyu, dada wa mume wake, aliishi chumba cha uani. Alikuwa amestaafu upishi wa bweni la shule, na miaka mingi ya kupaza sauti juu ya masufuria makubwa ilimwachia koo lisilojua kunong'ona. Siku moja, kwa nia njema kabisa, aliona wifi yake amechoka, akaamua kumfulia. Soksi moja nyekundu ya mchezaji mpira ikajichanganya na mashati meupe ya meneja wa benki. Meneja alirudishiwa mashati yenye rangi ya ufizi.

"Lakini rangi hiyo inampendeza mtu mnene," Wifi alijitetea.

Tangu siku hiyo akapigwa marufuku kusogelea beseni lolote. Aliruhusiwa kuanua nguo zilizokauka, tena kwa kusimamiwa.

Basi mambo yalianzia mdomoni. Mama Pasi alipata kidonda kidogo ndani ya shavu, kisha kingine kwenye ufizi, kisha vikawa havihesabiki. Alidhani ni chai ya moto. Akaipoza chai. Alidhani ni chumvi, akaiacha chumvi. Muuza dawa akampa maji ya kusukutua yaliyomtoa machozi. Vidonda vilikaa kama wageni walioambiwa karibuni wakaelewa hamieni. Mwishowe asubuhi moja alijaza maji mdomoni kama kawaida, akapuliza, na ukungu ukatua juu ya shati jeupe ukiwa na wekundu ndani yake.

Alilifua shati lile upya bila kumwambia mtu. Siku hiyohiyo akanunua chupa ya kupulizia.

"Wifi, umeanza kutumia mashine?" Wifi alimtania. "Mwisho wa dunia uko karibu."

"Napumzisha mashavu."

"Mashavu yamefanya kazi gani kushinda ulimi wako?"

Akacheka, lakini kwa kufunga mdomo.

Malengelenge yalikuja baadaye. La kwanza lilitokea kifuani, laini, limelegea kama puto lililopungua upepo, na kabla hajalitazama sawasawa likapasuka lenyewe. Dobi akiona lengelenge, akili yake inakwenda mahali pamoja. Mama Pasi aliitazama pasi. Alikuwa ameunguzwa nayo mara nyingi maishani, na mikono yake ilikuwa na alama za ushahidi. Akafikiri, labda mvuke unapenya kwenye nguo. Akavaa gauni zito zaidi. Yakaja mengine. Akailaumu pasi kubwa kwamba inatema moto, akaipeleka kwa fundi umeme, ambaye aliifungua, akaifunga, akasema haina kosa. Akahamia pasi ndogo. Akasogeza meza karibu na dirisha. Akapaka vidonda dawa ya meno, kama walivyofanya madobi wote aliowajua, na kwa wiki kadhaa alinukia kama mtu aliyetoka kupiga mswaki mwili mzima.

Mume wake, fundi saa ambaye maneno yake ya wiki nzima yangetosha kwenye kiganja, alimtazama akipaka dawa ile, akasema, "Nenda hospitali."

"Kwa kuungua kidogo tu?"

Hakujibu. Alikuwa ameshatumia maneno ya siku hiyo.

Aliyefumbua fumbo ni Wifi. Siku hiyo Mama Pasi alikuwa akibadili gauni chumbani, lile alilovaa likiwa limegandia mgongoni, na kila alipolivuta lilivuta na yeye. Alipoona hawezi tena, akaita. Wifi akaja na maji ya vuguvugu, akalowanisha kitambaa taratibu kama mtu anayebandua karatasi kwenye keki, na mgongo ulipofunuka, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Wifi alinyamaza.

Kisha sauti yake ikarudi.

"Wifi, hebu niambie. Pasi imefikaje mgongoni? Ulilala juu ya meza ukajipiga mwenyewe?"

Mama Pasi akapeleka mkono mgongoni, ukaishia njiani. Kweli, pasi imefikaje mgongoni?

"Mficha maradhi, wifi," Wifi akaendelea, akimwekea kanga safi mabegani, "sisi wengine kazi yetu huwa ni kilio, na mimi kulia sipendi, uso wangu unavimba. Kesho hospitali."

Hakukuwa na wakati wa kubishana, kwa sababu barabarani maneno yalikuwa yameanza kutembea. Watu waliona malengelenge shingoni, wakaona na chupa ya dawa dirishani, wakajumlisha. Ni ugonjwa wa kuambukiza, walisema, na yule mama anashika nguo zetu. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kuchukua suti yake ikiwa bado mbichi kwenye kamba.

"Mwalimu, haijakauka."

"Itakaukia njiani," alisema, akaondoka ameishika mbali na mwili wake kama mtu aliyebeba samaki.

Bomba la chuma ukutani likabaki na henga tupu, zikigongana kila upepo ulipoingia. Wachache tu ndio waliendelea kuja. Mmoja wao alikuwa binti wa maktaba, msichana mwembamba mwenye miwani, aliyeleta blauzi kila Jumamosi. Alisema shikamoo akifika na asante akiondoka, na kati ya maneno hayo mawili hakuna aliyewahi kumsikia akitamka kitu. Mama Pasi aliipiga pasi blauzi ile moja kana kwamba ni ya malkia. Alijua kwamba bomba likikaa tupu mwezi mmoja zaidi, atafunga mlango ule, na akishaufunga hatakuwa Mama Pasi tena. Atakuwa mama fulani tu, mke wa fundi saa.

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vibaya mabegani. Mama Pasi aliliona hilo kabla hajakaa. Daktari alimwangalia mdomoni, akamwangalia mgongoni, akasugua kwa kidole ngozi iliyokuwa inaonekana nzima kabisa karibu na kidonda. Ngozi ikateleza.

"Inauma?"

"Inashangaza," alisema Mama Pasi.

Akakatwa kipande kidogo cha ngozi kikapelekwa maabara, na majibu yalipotoka akaitwa tena. Wifi alimsindikiza na kukaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, tayari kwa lolote.

"Mama, ugonjwa wako unaitwa pemfigasi," daktari alianza.

"Jina kama la mchezaji wa kigeni," Wifi alisema. "Amesajiliwa lini?"

"Wifi!"

Daktari alijizuia kutabasamu, akashindwa. "Kwanza kabisa, hauambukizi. Si kwa kugusana, si kwa nguo, si kwa kikombe. Pili, haujaletwa na pasi. Mwili una kinga yake, inayopigana na wadudu wa maradhi. Kinga yako imekosea adui. Ngozi yetu imeshikana kwa kitu kama gundi, chembe kwa chembe. Kinga yako inaishambulia hiyo gundi."

"Hiyo kinga ni yangu?"

"Ni yako."

"Na ngozi ni yangu?"

"Ni yako."

"Basi ni ugomvi wa ndugu."

"Kama mimi na yeye," Wifi alimfafanulia daktari.

Mama Pasi hakucheka. Alikuwa anafikiri. Mbele ya macho yake aliona mashati ya bei nafuu, yale ambayo kola yake ina kitambaa kigumu ndani kilichobandikwa kwa gundi. Yakifuliwa vibaya, gundi huachia na kola hutoa mapovu. Wateja huleta mashati ya namna hiyo wakisema, hebu lipige pasi vizuri hapa, limekunjamana. Nawe unapiga, na mapovu yanalala, na mteja anafurahi. Likifuliwa tena yanarudi, kwa sababu kasoro haiko juu.

Alimweleza daktari habari za kola, kwa kusitasita, akiogopa kuonekana anapoteza muda wa watu. Daktari aliweka kalamu chini akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ndivyo hasa ilivyo," alisema. "Kupaka juu kunasaidia kidonda kisiingie uchafu, lakini hakumalizi. Dawa nitakayokupa inakwenda ndani, kumtuliza anayeikwangua gundi."

"Kumbe mimi ni kola," Mama Pasi alisema.

"Ya shati la bei nafuu," Wifi aliongeza. "Kaka yangu alidanganywa dukani."

Alianza na vidonge vya prednisoloni, vya kuituliza kinga, vingi, kila asubuhi baada ya kula. Havikuchelewa. Malengelenge mapya yalipungua, ya zamani yakaanza kukauka, na akaweza kula bila kuangalia chakula kwa hofu. Lakini vidonge vile vilikuja na mizigo yao. Usingizi ulikimbia. Njaa ikaja juu, hata akajikuta amesimama jikoni anakula mkate bila kujua nani amemtuma. Na uso wake ukajaa, ukawa mviringo na unang'aa.

Barabara nzima ikabadili kauli.

"Mama Pasi, umenawiri! Kumbe mambo yamekunyookea!"

"Fundi saa ameuza saa ya dhahabu nini?"

"Ni vidonge hivyo," Wifi alitaka kuwaeleza, lakini Mama Pasi alimkanyaga mguu.

"Nyamaza. Wakidhani nimepata, watarudi. Wakidhani naumwa, watakimbia. Acha uso ufanye biashara."

Na kweli wengine walirudi, hata mwalimu mkuu, aliyeweka suti mezani akitazama dari. Bomba la chuma likaanza kupata uzito. Basi siku aliyorudi kliniki Mama Pasi alikuwa na furaha ya mtu aliyekwisha kupona. Daktari ndiye hakufurahi sana. Alimweleza kwamba vidonge vingi kiasi kile havifai kuliwa muda mrefu. Vinapandisha sukari, vinalegeza mifupa, na vinaficha homa. Alitaka kumpa dawa nyingine, ya dripu, inayoondoa kwa muda zile chembe za kinga zinazotengeneza silaha za kushambulia gundi, ili vidonge vipunguzwe kidogo kidogo mpaka viishe au vibaki vichache.

"Tutapima kwanza ini na kifua, na utapata chanjo. Ila kuna jambo. Dawa hii itashusha kinga yako. Unafanya kazi gani, mama?"

"Dobi."

Daktari aliitazama mikono ya Mama Pasi. "Kupiga pasi sina ugomvi nako, pasi yenyewe inaua wadudu. Lakini nguo chafu za watu, jasho, damu, usaha, hizo usizishike. Usichambue, usiloweke, usifue. Si kwa wiki moja. Kwa muda mrefu."

"Sasa nani atafua?"

Katika kiti cha pembeni, mtu alikohoa kwa adabu.

Mama Pasi hakugeuka hata kumtazama. "Daktari, naomba nifikiri kwanza."

Alifikiri kwa njia yake. Pasi ina kitufe cha duara. Ukimaliza pamba, unataka kuanza hariri, unakizungusha mara moja tu na moto unashuka. Aliona vidonge ni hivyohivyo. Ngozi imekauka, kazi ya pamba imeisha, basi ashushe moto. Daktari anataka vidonge vipungue? Atavipunguza mwenyewe, bila dripu na bila Wifi kugusa beseni. Akatoka kwenye vingi akaingia kwenye kimoja, na kwa siku chache alijiona hodari wa dunia.

Kisha akaamka mwili hauna nguvu, miguu kama nguo iliyokamuliwa. Baada ya hapo yakafuata malengelenge, kifuani, mgongoni, kichwani ndani ya nywele, mengi kuliko ya kwanza. Mdomo ukajaa tena. Alikaa kwenye kiti kando ya meza, pasi imepoa, shati la watu limekunjuliwa nusu, akashindwa hata kumeza mate.

Wifi alimkuta hapo. Safari hii hakufanya utani. Alichukua kopo la vidonge, akalitikisa, akasikia jinsi lilivyojaa, akaelewa.

"Kwa hiyo," alisema polepole, kwa sauti ambayo Mama Pasi hakujua kwamba anayo, "uliona bora ubanduke ngozi kuliko mimi nishike soksi za watu."

Mama Pasi akaanza kulia, na machozi ya chumvi yakamchoma vidonda vya mdomoni, ikabidi aache.

"Yalikuwa mashati sita," alisema kwa shida. "Rangi ya ufizi."

"Yalikuwa sita, nakubali. Wewe ngozi unazo ngapi?"

Daktari aliwapokea bila kupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema vidonge vile haviachwi ghafla, kwamba mwili uliokwisha kuvizoea unaweza kuanguka, na kwamba mtu huvishuka kwa ngazi, haruki dirishani. Akavipandisha tena. Vipimo vikafanyika, chanjo zikachomwa, na ikapangwa siku ya dripu.

Chumba cha dripu kilikuwa na viti vikubwa vya kuegemea na dirisha lililotazama ukuta. Muuguzi, kijana mcheshi, alitafuta mshipa, akaingiza sindano, akafungua dawa idondoke polepole mno.

"Hii haina haraka, mama. Ukisikia baridi, kuwashwa, kifua kubana, niambie palepale."

"Nitasikia nini kingine, na huyu kakaa hapa?" alisema, akimwonyesha Wifi kwa kidevu.

Saa zilipita. Wakati fulani baridi ilimpanda kweli, meno yakagongana, muuguzi akaja akapunguza mwendo wa dawa, akamwongezea nyingine ya kutuliza baridi, akamfunika blanketi. Wifi alimshika mkono mpaka mtetemo ulipotulia. Hapo ndipo Mama Pasi, amelala macho yameelekea dari, akaanza.

"Nguo nyeupe unazitenga na nini?"

Wifi alishtuka. "Na nini?"

"Nakuuliza wewe."

"Na... rangi."

"Rangi zote?"

"Zote. Na hasa soksi."

"Kola unaifanyaje kabla ya kuloweka?"

"Naigeuza, naipaka sabuni, naiacha ipumzike."

"Umejulia wapi hayo?"

"Nimekaa uani kwako miaka yote hiyo nimeruhusiwa kutazama tu. Macho hukuyapiga marufuku."

Mama Pasi akageuza kichwa. Akaendelea kumhoji: sufu, hariri, doa la wino, doa la kutu, nguo inayochuja. Wifi alijibu, mengine sawa, mengine kwa kubahatisha, na kwenye kutu alikosea vibaya hata muuguzi aliyepita akamsahihisha. Dripu ilipokwisha, Wifi alikuwa anatokwa jasho kuliko mgonjwa.

"Nimefaulu?"

"Umepata nafasi ya majaribio."

Majaribio yenyewe, jamani. Mama Pasi aliwekewa kiti mlangoni, mahali panapotazama uani, barakoa usoni, mikono imekatazwa. Kukaa pale kulimshinda kuliko sindano. Aliona Wifi akifikicha pale pa kusuguliwa na akisugua pale pa kufikicha, akamimina sabuni kama anayetia chumvi kwenye sufuria la bweni.

"Wifi, povu hilo ni la nguo au la mtaa?"

"Wewe kula vidonge vyako."

"Usikamue hiyo! Sufu haikamuliwi, inaminywa!"

"Ninaminya! Huu ndio mminyo wangu!"

Sweta moja lilitoka likiwa na ukubwa wa kumtosha paka. Wifi mwenyewe alilibeba hadi kwa mwenye sweta, akaomba msamaha kwa sauti iliyosikika barabara mbili, akarudi amesamehewa na amepewa nguo za jirani wa yule mtu. Mama Pasi alishangaa. Yeye katika maisha yake yote hakuwahi kurudi na nguo za jirani.

Akaanza kuangalia zaidi. Wifi alifua polepole, akiimba, na waliopita barabarani walisimama kumjibu. Aliuliza habari za mtoto wa fulani na goti la fulani. Aliwaambia watu wazi, bila kuulizwa, kwamba wifi yake ana ugonjwa wa kinga, hauambukizi, na anayebisha aje akae naye kwenye dripu aone. Mambo aliyoyaficha Mama Pasi nyuma ya uso uliojaa, Wifi aliyatundika kwenye kamba juani, na kumbe hayakumkimbiza mtu. Mwalimu mkuu alikuja na suti mbili, akamtazama Mama Pasi usoni safari hii, akasema, "Pole, mama. Nilikuwa mjinga." Mama Pasi akamwambia suti zote mbili zitatoka zikiwa kavu.

Ngozi ilichukua muda wake. Baada ya dripu ya pili, wiki zikipita, vidonda vya mgongoni viliacha madoa meusi, makavu, ambayo hayakulia tena. Mdomo ulichelewa, ukafuata. Vidonge vilishuka ngazi moja moja, kila ngazi kwa amri ya daktari, na uso ukaanza kurudi kwenye mifupa yake.

"Mama Pasi, umekonda! Kulikoni?" barabara ikalia.

"Saa ya dhahabu imesimama," Wifi aliwajibu.

Daktari hakumdanganya. Alimwambia ugonjwa huu hulala, na siku nyingine huamka, na kwamba atakuwa mtu wa kliniki, damu itapimwa, na dripu huenda ikarudiwa. Akipata homa asikae nayo nyumbani. Mama Pasi alikubali yote. Aliagana na daktari, akafika mlangoni, akarudi. Akamwomba lile koti jeupe kwa dakika chache. Alitaka kulinyoosha mabegani. Lilikuwa linamsumbua tangu siku ya kwanza. Daktari alicheka mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia, akasema wiki ijayo atalileta mwenyewe, safi.

Jumamosi moja binti wa maktaba alikuja kuchukua blauzi yake. Mama Pasi alikuwa mezani, chupa ya kupulizia mkononi. Ilikuwa mpya, yenye mdomo mwembamba, na alikuwa amejifunza kuibana kidogo kidogo isidondoshe. Bomba la chuma lilikuwa limejaa. Uani Wifi alikuwa anapiga kelele na mtu kuhusu taulo, na maji yalisikika yakimwagwa.

Binti alipokea blauzi, akasema asante, akageuka. Kisha akasimama. Akashika kitasa cha mlango kama mtu anayeshikilia kitabu.

"Mama," alisema, sauti ikitoka kwa taabu, "siku ukipona kabisa, daktari akikuruhusu, utarudi kufua mwenyewe?"

Mama Pasi alisimamisha pasi wima. Alisikiliza uani kidogo.

"Hapana," alisema. "Beseni ni la wifi."